Shahidi wa Kimya

Nchi ya Uzitoni haimo katika ramani yoyote inayouzwa madukani, na wenyeji wake hawaoni kwamba hiyo ni kasoro yao. Wao husema ni ramani ndizo zilizokosea. Masele Ngussa alikaa huko siku tisa. Namna alivyofika hakupenda kuisimulia. Alisema njia ni njia, na mtu anayeanza na habari za njia mara nyingi hana habari nyingine.

Masele alikuwa fundi mizani wa Nzega. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akizunguka kwenye maghala ya pamba, akitengeneza mizani zilizolegea, zilizoshika kutu na zilizochezewa. Ni kazi isiyo na marafiki. Mizani ikiwa sawa mnunuzi hununa, isipokuwa sawa mkulima hulia, na wote wawili humlaani fundi. Kwa hiyo alizoea kusemeshwa kwa ukali na watu wenye haraka, na mazoea hayo yalimfaa Uzitoni kuliko ufundi wenyewe.

Barua iliyomwita ilisema Baraza la nchi hiyo linahitaji Shahidi wa Nje. Sheria yao ni kwamba kabla shimo lolote la utafiti halijaongezewa muda au kufungwa, aje mtu wa mbali alikague. Mtu huyo awe na sifa mbili: awe hodari katika kazi yake, na kazi hiyo isihusiane kabisa na kile anachokuja kukagua. Wanaamini kwamba anayelijua jambo lazima awe na upande, na asiyelijua hana. Masele aliona ajabu, lakini pamba mwaka ule ilikuwa imeharibiwa na mvua na maghala yalikuwa matupu. Akafunga mfuko wake.

Jambo linaloitawala Uzitoni ni hili. Zamani watazamaji wao wa nyota waligundua kwamba makundi makubwa ya nyota huzunguka kama pia ya watoto, na kwamba nyota za pembezoni zinakwenda kasi kupita kiasi. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, zile za pembezoni zilipaswa kuwa zimekwisha kutawanyika siku nyingi. Hazikutawanyika. Basi kipo kitu kizito kinachozishikilia, nacho hakionekani. Watu wa Uzitoni hawakuishia kushangaa. Walijenga mizani kubwa kati ya vilima viwili, wakapima nchi yao: kila mtu, kila ng'ombe, kila chungu na kila paa, kimoja kimoja, wakapata jumla. Kisha wakavipandisha vyote kwa pamoja, na mizani ikasema mara sita ya jumla ile. Masele alionyeshwa hesabu, akazipitia kutwa nzima, asione pa kuzikosoa. Jambo lenyewe lilikuwa kweli tupu. Kilichomshangaza ni walivyolishughulikia.

Maana mara tu ilipojulikana kwamba sehemu tano kati ya sita za nchi ni za Wasioonekana, kama walivyokiita kile kitu, Baraza lilitunga sheria za kuwatendea haki, kabla hata mtu mmoja hajajua kama Wasioonekana hula, hukaa au hulala. Katika kila benchi la watu sita sasa anakaa mmoja, na wengine husimama. Mezani hupakuliwa sahani sita, moja huliwa, tano hungojewa hadi zipoe, kisha humwagwa kwa adabu. Mtu akikutana na mwenzake humsalimia mara moja, halafu hugeuka na kusalimia hewa mara tano, ndiyo maana huko mkutano ulioitwa saa tatu huanza saa tano na nusu. Tena kura tano kati ya sita katika Baraza hupigwa kwa niaba yao na Wakili wa Wasioonekana.

Wakati wa Masele, Wakili huyo alikuwa Mheshimiwa Kauli, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika cheo hicho na hakuwahi kushindwa kura hata moja, wala hakuwahi kujivunia hilo. Alipoulizwa anajuaje wateja wake wanataka nini, alijibu kwa unyenyekevu kwamba hawajawahi kumlalamikia.

Wasomi wa nchi wamegawanyika makundi mawili. Vibonge wanasema Wasioonekana ni wachache na wanene, kila mmoja ana uzito wa kutosha kugonga kitu kikalia. Vumbi wanasema ni wengi mno na wembamba mno, hata ukipitiwa na elfu moja kwa mpigo hutahisi. Makundi haya hayaoani, wala hayaziki pamoja. Wapo pia ndugu wawili, kaka na dada, wanaosema labda hakuna Wasioonekana, labda kanuni ya mizani ndiyo hubadilika vitu vikiwa vingi. Hao sheria inawaruhusu kusema, ila siku ya gulio tu, karibu na wafua mabati. Masele aliwasikiliza kadiri alivyoweza kuwasikia. Aliomba kwenda kuiona ile mizani kubwa kwa macho ya fundi, akajibiwa kwamba hilo halimo katika hadidu za rejea.

Kazi yake ilikuwa Shimo la Saba. Mashimo yote saba yalichimbwa kwa nia moja: kushuka chini mbali na kwato, ngoma na miguu ya watu, na kutundika huko kengele nyepesi, ili Asiyeonekana akipita katikati ya mwamba aigonge. Shimo la kwanza lilikaa kimya. Baraza likasema halikuwa na kina cha kutosha, likachimbwa la pili lenye kina mara mbili, nalo likakaa kimya kwa sababu hiyo hiyo, na kuendelea. Hakuna aliyewahi kuuliza kina cha kutosha ni kipi. La tatu liliwahi kulia wiki nzima, nchi ikafunga kazi na kucheza, ikaja kugundulika kwamba mlinzi mmoja alikuwa akivundika mkungu wa ndizi kule chini, na ndizi, kwa tabia yake, hurusha vijichembe visivyoonekana ambavyo kengele ile husikia. Tangu hapo ndizi zimepigwa marufuku katika mashimo, na mlinzi yule jina lake halitajwi.

Siku ya pili Masele alinunua karanga sokoni. Alipozimaliza aliisoma karatasi iliyozifungia. Ilikuwa na tarehe upande mmoja, na mbele ya kila tarehe neno moja: kimya. Kimya, kimya, kimya, mistari thelathini, kwa mwandiko mzuri. Alimuuliza muuzaji akaambiwa ni daftari la Shimo la Nne. Masjala ya nchi ina rafu ya mashimo yaliyolia. Rafu ya yaliyonyamaza haipo, kwa sababu kisichotokea hakisajiliwi. Shimo likifungwa kwa kimya, madaftari yake hupewa wauza karanga. Muuzaji aliisifu karatasi hiyo kuwa ni ngumu, haipitishi mafuta.

Msikilizaji wa Shimo la Saba aliitwa Bi Sikivu. Aliteremka humo akiwa na miaka ishirini na saba, na sasa alikuwa na hamsini na minane. Baraza lingekaa siku ya sita ya ziara ya Masele. Kengele isipokuwa imelia kufikia siku hiyo, shimo lingefungwa, na maisha yote ya mama yule yangekwenda kufungia karanga. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi, na bado aliandika kwa mwandiko mzuri.

Masele alimfuata siku ya nne. Ngazi zilikuwa elfu mbili. Mlangoni alivuliwa viatu, mkanda na pete, akaulizwa mara tatu kuhusu ndizi. Chini kulikuwa na chumba cha mwamba, taa moja, pipa kubwa la maji yaliyotulia na, juu ya maji hayo, kengele ya shaba ikining'inia kwa uzi mmoja kutoka kwenye nguzo ya jiwe. Bomba jembamba lilipanda kutoka hapo hadi uwanja wa mji, ili siku ikilia wananchi wote wasikie kwa pamoja na asiwepo wa kuificha.

Bi Sikivu alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukaa karibu na mtoto aliyelala. Alimkaribisha mgeni wake kwenye kigoda, akajibu kila alichoulizwa kwa ufupi. Hapana, hakuolewa, mchumba alingoja miaka minne akachoka. Ndiyo, huchoka. Hapana, hajawahi kusinzia zamu yake, ila mara moja alipokuwa na homa, na siku hiyo aliandika "sijui" badala ya kimya. Masele alipenda hilo neno "sijui" kuliko yote aliyoyasoma Uzitoni. Alianza kumheshimu mama huyu kwa moyo wote.

Kisha yeye ndiye aliyeuliza.

"Fundi, mizani ikikuonyesha sifuri, unajuaje kwamba hakuna mzigo, na si kwamba imekufa?"

Masele alisema hilo ndilo somo la kwanza la ufundi. Unaigusa kidogo kwa ncha ya kidole. Ikitikisika na kurudi, iko hai, na sifuri yake ni sifuri. Isipotikisika, hata ikikuambia nini usiisadiki.

Bi Sikivu alitazama maji. Alisema sheria haimruhusu kuigusa. Kuigonga kengele kwa mkono wa mtu ni kosa la kumghushi Asiyeonekana, na katika miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kuigonga, hata aliyeitundika.

"Nimeandika kimya siku elfu kumi na moja na ushei," alisema. "Sijui kama nilichosikiliza ni kimya au ni kutu. Hilo tu ndilo linaloninyima raha. Kufungwa kwa shimo nimekwisha kuzoea."

Aliinuka kwenda kwenye sanduku kumletea mgeni daftari la mwisho alikague. Masele akabaki peke yake mbele ya nguzo. Aliapa baadaye, na hakuna sababu ya kutomwamini, kwamba hakukusudia. Lakini mkono wa fundi una akili yake. Kwa miaka ishirini na minane, kila aliposimama mbele ya chombo kinachoonyesha sifuri, kidole chake cha shahada kilikuwa kimekwenda chenyewe. Kilikwenda. Kiliigusa nguzo ile ya jiwe, kidogo tu, kama unavyogusa bega la mtu foleni isogee.

Kengele ililia.

Ililia mara moja, ikazunguka ndani ya mwamba, ikapanda kwenye bomba na kutokomea. Bi Sikivu aligeuka, daftari mkononi. Alimtazama Masele, akakitazama kile kidole ambacho bado kilikuwa hewani, akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Akakaa chini sakafuni, akalia bila kujificha. Masele alianza kuomba radhi. Hakusikilizwa. Mama yule alikuwa akisema neno moja, akilirudia, kwamba iko hai, iko hai.

Baada ya kitambo bomba lilianza kuvuma kutoka juu. Ulikuwa mji mzima ukipiga kelele.

Walipotoka shimoni, saa kumi alasiri, Uzitoni ilikuwa imekwisha kubadilika. Watu walikuwa wakiisalimia hewa kwa machozi. Vibonge walibebana mabegani. Mheshimiwa Kauli alikuwa amekwisha kumpa Asiyeonekana huyo jina, Mtangulizi, na kumsajili kuwa mwanachama wa Baraza. Tena alikuwa ameandaa muswada, ambao ulionekana kuwa umeandaliwa siku nyingi ukingoja kengele tu: kwa kuwa sasa wateja wake wamethibitika kuwapo, haifai tena waishi nje. Kila nyumba itatoa vyumba vitano kati ya sita. Wenye vyumba viwili au kimoja wataelekezwa hatua za kuchukua. Mama mwenye nyumba alikolala Masele, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa tayari ametoa magodoro uani, na alikuwa akiimba.

Kauli alimtembelea Masele jioni ile ile, akiwa na karatasi moja na kisahani cha wino mweusi. Karatasi ilisema kengele imelia mbele ya Shahidi wa Nje. Ilihitaji dole gumba lake. Masele alimweleza ukweli wote, bila kupunguza. Wakili alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, wala hakuonyesha kushangaa. Kisha alimfahamisha mambo mawili ya sheria. La kwanza, mgeni hashitakiwi. La pili, msikilizaji hubeba kosa la kila mkono ulioingia shimoni. Adhabu ya kumghushi Asiyeonekana ni kufanywa asiyeonekana kwa miaka mitatu: hasemeshwi, hatazamwi, hajibiwi salamu.

"Ukinyamaza, ndugu mgeni, yule mama atakuwa nuru ya taifa," Kauli alisema. "Ukisema, hutaumia wewe. Tafakari."

Aliacha karatasi na kisahani mezani, akaisalimia hewa mara tano, akaondoka.

Masele hakupata usingizi mzuri. Alikuwa ameshawahi kukataa kusema uongo kwa ajili ya wanunuzi wa pamba, na haikumsumbua, kwa kuwa aliowaumiza walistahili. Hili lilikuwa jingine. Asubuhi alimwendea Bi Sikivu nyumbani kwake, chumba kimoja chenye ukimya kama wa kule chini, akamwambia ameamua kufunga mdomo kwa ajili yake. Miaka thelathini na mmoja inatosha, alisema. Apumzike, aheshimiwe, na kama kuna dhambi ataibeba yeye.

Bi Sikivu alikasirika. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa Masele kumwona amekasirika.

"Ukinyamaza utakuwa umenipa kengele na kuninyang'anya kimya," alisema. "Kengele si yangu, ni ya kidole chako. Kimya ndicho changu. Nimekisikiliza mimi."

Baraza lilikaa siku ya sita. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliosimama na viti vilivyokaa wazi. Baada ya salamu, ambazo zilichukua sehemu kubwa ya asubuhi, Masele aliitwa, akasema kwamba kengele imelia kwa sababu yeye ameigusa nguzo, kwa mazoea ya kazi, bila kukusudia. Vibonge waliokuwa mstari wa mbele walishusha vichwa. Vumbi, kwa upande wao, walijitahidi wasitabasamu, na wengine hawakufaulu.

Mheshimiwa Kauli alisimama taratibu. Hakumwita Masele mwongo. Alimsifu kuwa mtu mkweli, akaomba amuulize swali dogo. Je, alipoigusa nguzo alikuwa ameamua kuigusa? Masele alijibu kwamba hapana. Je, aliukusudia mkono wake uinuke? Hapana. Basi, aliuliza Wakili, akiligeukia Baraza kwa mikono iliyofunguliwa, ikiwa mwenye mkono hakuuinua, nani aliuinua?

Wajumbe waliguna kwa kuridhika. Hoja ile iliwaingia. Mmoja alisema kwa sauti kwamba yeye mwenyewe mara nyingi hujikuta amekuna kichwa bila kujua sababu, na sasa sababu anaijua. Masele aliwahi kuona mizani ikichezewa kwa sumaku, kwa nta na kwa jiwe lililofichwa chini ya sahani, lakini ikichezewa kwa maneno matupu, hapana.

Kulibaki jambo moja. Kwa sheria ya zamani, iliyotungwa wakati wa Shimo la Kwanza na ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, neno la mwisho juu ya shimo ni la msikilizaji wake. Kauli alimtazama Bi Sikivu kwa upole kabisa. Alichotakiwa mama huyo kusema ni neno moja, "imelia," na neno hilo hata lisingekuwa uongo.

Bi Sikivu aliweka daftari mezani na kulifungua ukurasa wa mwisho. Alisoma alichoandika siku ya nne: kwamba kengele imeguswa na mgeni, ikalia, kwamba kwa hiyo iko hai, na kwamba kwa kuwa iko hai, vile vimya vyote vilivyoandikwa kabla yake ni vimya vya kweli.

"Sisemi Wasioonekana hawapo," aliliambia Baraza. "Mizani imesema wapo, nami naiamini. Nasema hivi: mnene wa kuigonga kengele hii hajapita hapa kwa miaka thelathini na mmoja. Mbuzi akipotea, anayekuja kukuambia zizi hili nimelitafuta lote hayumo, amekufanyia kazi. Hamtarudi tena kulitafuta. Mnakwenda zizi la pili. Naomba hilo liandikwe."

Mjumbe mmoja mzee aliuliza kwa nia njema liandikwe wapi, kwa kuwa rafu yake haipo. Baraza lilipiga kura, na kwa kuwa kura tano kati ya sita zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, haikuchukua muda. Shimo la Saba lifungwe. Muswada wa vyumba uahirishwe hadi kengele nyingine ipatikane. Shimo la Nane lichimbwe, safari hii kwa ajili ya Wasioonekana wembamba, na msikilizaji wake awe mtu ambaye hajawahi kusikia kengele ikilia akiwa shimoni, ili masikio yake yasiwe na upendeleo. Bi Sikivu, kwa kosa la mkono ulioingia shimoni mwake, afanywe asiyeonekana kwa miaka mitatu kuanzia saa ile. Wajumbe wote wakageuza nyuso zao upande wa pili kwa pamoja, wakabaki hivyo hadi alipotoka. Yule mjane alirudisha magodoro ndani. Hakuwa na hasira na mtu, ila aliacha kuimba.

Ikumbukwe kwamba jambo hilo halikupita bure kwa wasomi. Kabla ya wiki kwisha, Vibonge walikuwa wametoa tamko kwamba wao siku zote walisema Wasioonekana ni wa unene wa wastani.

Masele alikuwa bado na siku tatu, na kisahani cha wino cha Mheshimiwa Kauli. Alikwenda masjala akaomba asomewe sheria za Shahidi wa Nje, zote, hata zile zilizopitwa na wakati. Karani alimsomea hadi koo likamkauka. Kifungu cha arobaini na mbili kilisema karatasi yenye dole gumba la Shahidi wa Nje haichanwi, haichomwi wala haifungiwi kitu, maadamu shahidi yu hai. Masele alimshukuru. Akayachukua madaftari ya Shimo la Saba kabla wauza karanga hawajaja, akayapeleka chumbani kwake, akaanza na ukurasa wa kwanza.

Kurasa zilikuwa mia tatu sabini na saba. Alipiga dole kila ukurasa, akiusoma kwanza, kwa sababu shahidi hapigi dole juu ya asichokisoma. Kimya. Kimya. Sijui. Kimya. Wino ulipokauka aliutia maji. Kauli alipata habari akaja, akasimama mlangoni, akatazama kurasa tatu zikipigwa dole. Alimwomba tu amrudishie kisahani akimaliza. Siku iliyofuata Wakili alikuwa amerudia hali yake, na katika kura ya bajeti ya Shimo la Nane alihesabu kura moja zaidi kuliko kawaida. Alipoulizwa ni ya nani, alisema ni ya Bi Sikivu, ambaye sasa ni mteja wake.

Siku ya tisa Masele alifunga mfuko. Madaftari aliyaacha masjala, sakafuni, kwa kuwa rafu haikuwapo, lakini salama. Bi Sikivu alimsindikiza hadi mpakani. Njiani wanawake waliokuwa wakichota maji walimpisha bila kumtazama, kama wanavyopisha upepo, na mmoja wao, aliyeonekana kumpenda, alimwaga maji kidogo mbele yake kama salamu, akijitia kujikwaa. Masele hakuwa raia, kwa hiyo alimwona vizuri. Alitembea wima. Alionekana mchovu na mwenye amani.

Masele alikuwa na swali alilolibeba tangu siku ya Baraza, akaona kuwa asipouliza sasa hatauliza tena. Alimuuliza kama pale ukumbini, Wakili alipomtazama vile, alitamani hata kidogo kulisema lile neno moja.

"Nilikuwa nimejiandaa kwa yote, fundi. Kufungwa, kuchekwa, karanga, yote," Bi Sikivu alisema. "Kitu kimoja sikukijua. Sikujua kwamba ina sauti nzuri kiasi kile."